Hukumu Kabla ya Mavuno: Joshua na Mipaka ya Waumini katika The River Between

Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, The River Between (1965), aghalabu huhakikiwa kama kisa cha mgongano baina ya Ukristo na mila za Wagikuyu. Mtazamo huo una ukweli, lakini unaliacha swali moja zito bila jibu: ni nani mwenye mamlaka ya kumtoa mtu katika jumuiya ya waumini? Uhakiki huu unadai kwamba Joshua, kiongozi wa Wakristo wa Makuyu, hapotoki kwa kuikataa tohara ya wasichana, bali kwa kukitwaa kiti cha hukumu ambacho imani yake mwenyewe inamwachia Mungu.

Riwaya hii inaakisi mgogoro wa mwaka 1929, ambapo Misheni ya Kanisa la Skotilandi iliwataka waumini wake waweke ahadi ya kuikana tohara hiyo. Wengi walijitenga, na shule na makanisa ya kujitegemea yakapata nguvu. Uanachama wa kanisa ukawa umefungamanishwa na kiapo kimoja.

Uthibitisho ulio wazi zaidi umo nyumbani mwa Joshua. Mkewe, Miriamu, alitahiriwa kabla ya kuamini. Joshua huliungama jambo hilo katika sala zake kwa uchungu, lakini Miriamu anabaki mke na muumini. Binti yao Muthoni anapotahiriwa, babake anamfuta. Kwake, mtoto amekufa kabla hajafa. Alama ni ile ile katika miili miwili. Kinachohukumiwa basi si alama, bali uasi dhidi ya baba na kanisa lake.

Muthoni mwenyewe hakubali kuchagua. Anataka kuwa Mkristo na kuwa mwanamke kamili miongoni mwa watu wake. Anapokata roho, anamwachia Waiyaki ujumbe wa kumpelekea Nyambura kwamba anamwona Yesu. Msimulizi, ambaye kwingineko huingia mioyoni mwa wahusika bila hodi, hapa hathibitishi wala hakanushi. Joshua, kwa upande wake, anakisoma kifo hicho kama onyo kwa waasi.

Yawezekana kudaiwa kwamba Joshua alikuwa na haki, kwani jeraha ndilo lililomuua Muthoni. Riwaya hailifichi hilo, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imekiharamisha kitendo chenyewe. Hata hivyo, kukataza kitendo si sawa na kutangaza maangamizo ya mtu. Katika mfano wa magugu (Mathayo 13), watumwa wanazuiwa kuyang'oa wasije wakang'oa na ngano. Kazi ya kutenganisha inaachiwa mavuno. Joshua ni mtumwa aliyewahi kuushika mundu.

Kasoro hii si ya kanisa peke yake. Kabonyi analihama kanisa, lakini mantiki ya Joshua anahama nayo hadi kwenye Kiama, anakoitumia dhidi ya Waiyaki kwa jina la usafi wa kabila. Hatimaye Waiyaki na Nyambura wanakabidhiwa Kiama, na riwaya inakoma kabla uamuzi haujatolewa. Mwisho huo unaweza kulaumiwa kuwa umeachwa ukining'inia. Lakini unaafikiana na ule ukimya kando ya kitanda cha Muthoni: mwandishi anakataa kufanya kile ambacho wahusika wake wana pupa ya kukifanya.