Njaa tuliyoiita homa

Leo sikosoi kitabu wala filamu. Nakosoa kisanduku kidogo, kompyuta ya kibao kimoja iitwayo Raspberry Pi, pamoja na namna sisi wenye diploma tunavyoitibu ikiugua. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili mtu asiseme namsema mwenzangu tu.

Mwaka 2022 niliitwa kwenye shule moja ya sekondari huko Kalehe. Ukitoka Bukavu unapita Kavumu na Katana, ziwa Kivu likiwa mkono wa kuume. Shule ile haikuwa na umeme wa SNEL. Ilikuwa na paneli moja ya jua, batri ya volti 12, na Raspberry Pi 4 iliyobeba Wikipedia ya Kifaransa ndani ya programu ya Kiwix. Wanafunzi waliisoma kwa tableti kupitia wifi, bila intaneti. Kwa finalisti wanaojiandaa kwa Exetat, pale ambapo kitabu kimoja kinagombaniwa na darasa zima, ile ilikuwa maktaba yao.

Prefe alinipokea na kusema: "Enjenia, ile sanduku inakufaka kila saa watoto wanaingia. Mtu moja akiwa peke yake, inaenda muzuri. Darasa ikijaa, inazimika."

Nikafungua kabati la mbao walimoifungia juu ya wezi. Nikagusa kibao, kilikuwa cha moto. Nikasema bila kupima kitu: "Papa Prefe, ni joto. Inataka feni." Nikafunga feni ndogo, nikapokea asante na sambaza za chakula cha mchana, nikarudi Bukavu.

Wiki iliyofuata simu ililia. Sasa ilikuwa inazimika mara nyingi zaidi. Nikajibu tena kama mtu anayejua: "Basi batri ni ndogo." Wazazi wakachanga, wakanunua batri kubwa. Haikubadilisha kitu. Wiki tatu zilizobaki kabla ya Exetat zikaisha hivyo, kisanduku kikizima na kuwaka, mpaka kadi ya kumbukumbu nayo ikaharibika. Finalisti wa mwaka ule waliingia kwenye mtihani bila maktaba yao. Hilo bado linaniuma kuliko pesa, na pesa nazo zilikuwa za watu.

Sasa tuingie kwenye hesabu, ile ambayo ningepaswa kuifanya siku ya kwanza.

Raspberry Pi 4 huanza kupunguza mwendo wake ikifika nyuzi 80, na inajibana zaidi kwenye 85. Niliporudi na kupima kwa amri ya `vcgencmd measure_temp`, darasa likiwa limejaa na kabati limefungwa, niliona 71. Kwa kidole ni moto, lakini kwa mashine hiyo bado ni kazi ya kawaida. Tena Kalehe si Uvira. Ziwa Kivu liko karibu metre 1,460 juu ya bahari, na jioni watu wanavaa koti. Joto lilikuwa mshitakiwa wa karibu tu, hakuna aliyemtafutia ushahidi.

Halafu nikaandika amri ya pili, `vcgencmd get_throttled`. Ikanijibu `0x50005`. Namba hiyo inasema mambo mawili: umeme uko chini sasa hivi na mwendo umebanwa, na mambo hayo yamekwisha kutokea tangu mashine iwashwe. Mashine ilikuwa na njaa. Na hapa ndipo tunapodanganyika, kwani mashine yenye joto na mashine yenye njaa zinafanana: zote mbili zinakuwa nzito na kuburuta. Ukitazama kwa macho tu, huwezi kuzitofautisha.

Njaa ilitoka wapi, na batri ilikuwa imejaa? Ilitoka kwenye waya. Kifaa cha kubadilisha volti 12 kuwa 5 kilikaa karibu na batri. Kutoka hapo hadi kabatini ulipita waya wa USB wa bei rahisi, metre 2, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Nyuzi nyembamba za namna ile zina ukinzani wa karibu omu 0.2 kwa kila metre. Umeme unakwenda metre 2 na kurudi metre 2, jumla metre 4, sawa na omu 0.8. Kibao kikipumzika hula kama ampea 0.6: kinapoteza volti 0.48 njiani. Ukianza na 5.1, zinafika 4.62. Darasa likijaa kinakula ampea 1: kinapoteza 0.8, zinafika 4.3. Nayo Raspberry Pi hulalamika zikishuka chini ya 4.63. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja alikuwa ukingoni, darasa zima likaisukuma shimoni. Prefe alikuwa amenieleza ugonjwa wote kwa sentensi mbili, sikumsikiliza.

Na feni yangu? Nayo ilikula umeme kupitia waya uleule. Nilimkuta mtu ana njaa, nikamwongezea mtoto wa kulisha.

Dawa ilikuwa rahisi kuliko batri. Kibadilisha-volti nilikihamishia ndani ya kabati, nikakiunganisha na kibao kwa waya mnene wa sentimetre 30. Ule urefu wote nikauweka upande wa volti 12. Kazi ileile kwa volti 12 inahitaji ampea chini ya nusu, kwa hiyo hasara njiani ni ndogo, na kibadilisha-volti hakijali kikipokea 11.6 badala ya 12. Feni nikaitoa, nikaweka kifuniko cha aluminiamu kinachopoza bila kula umeme wala kunyonya vumbi. Kadi mpya nikaifungia isiandikwe ovyo, kwa ile hali ya kusoma tu iliyomo ndani ya `raspi-config`, ili anayechomoa waya ghafla asiue maktaba tena.

Haya, sasa ukosoaji wenyewe. Naugawa mara tatu.

Kwanza watengenezaji. Mashine yao ni nzuri na inasema kweli. Tangu modeli B+ ya mwaka 2014 imekuwa ikitambua upungufu wa volti. Lakini inamwambia nani? Inachora radi ndogo kwenye skrini, na kuandika neno la Kiingereza ndani ya kumbukumbu za mfumo. Sanduku la Kalehe halina skrini. Lilikuwa linapiga kelele gizani, ndani ya kabati lenye kufuli. Tena chaja yao rasmi ya Raspberry Pi 4 inatoa volti 5.1 na ampea 3 kwa waya mnene usiochomolewa. Maana yake wanajua kabisa kwamba waya ni sehemu ya mashine. Ila chaja hiyo ni ya ukuta wenye umeme. Anayetumia paneli anaachiwa kujitafutia, na waya anaununua sokoni kwa kuangalia rangi.

Pili, wanaoleta visanduku. Wanapiga picha siku ya kukabidhi, na karatasi inaorodhesha kompyuta, paneli na batri. Sijawahi kuona karatasi inayotaja unene na urefu wa waya. Mradi usioandika waya umeandika nusu ya mradi.

Tatu, na hapa nakaza sauti, ni sisi. Katika TFC yangu nilijaza kurasa juu ya mitandao, nikachora michoro mizuri, na siku ya kujitetea nikapigiwa makofi. Sheria ya Ohm nilifundishwa tangu sekondari. Kalehe nilifika nikiwa nayo kichwani, lakini nilitumia kidole. Kwa nini? Kwa sababu walikwisha kuniita Enjenia, na Enjenia akisema "ngoja kwanza nipime" anaona kama anapungua. Jibu la haraka linalinda heshima yetu, halafu gharama wanailipa wazazi wa Kalehe.

Sisemi joto ni uongo. Funga Raspberry Pi 4 ndani ya plastiki isiyo na tundu, ipe kazi nzito mchana kule Uvira, utaona 80 kwa macho yako. Pale feni ni haki yake. Ninachosema ni kwamba feni ije baada ya kipimo. Multimeta ya bei ndogo, uguse pini ya 2 na pini ya 6 za kibao wakati darasa limejaa, wala si wakati uko peke yako: dakika tano zinatosha.

Jambo la mwisho nililoongeza pale ni programu fupi, mistari isiyofika 20. Kila dakika inasoma ile namba, na umeme ukipungua inaandika juu ya ukurasa wa kwanza wa maktaba, mahali wanafunzi wote wanaona: "Umeme haunitoshi. Angalieni waya." Miezi miwili baadaye mwanafunzi wa mwaka wa nne aliiona, akafuata waya, akakuta panya ameutafuna upande wa batri. Wakaukata, wakaunga, darasa likaendelea. Prefe alinipigia simu kunieleza tu. Hakuniita niende.

Wewe unayesoma hapa, kama una kisanduku ulichokitengeneza mahali fulani, Idjwi, Walungu au Minova, rudi ukapime volti kwenye pini. Na kama ulikwisha kumwambia mtu "ni joto" bila kupima, mpigie simu leo.