Tumaini la Wokovu katika Filamu ya The Lion King

Filamu ya katuni ya The Lion King, iliyotolewa na kampuni ya Walt Disney mwaka 1994 chini ya waongozaji Roger Allers na Rob Minkoff, inapendwa na walimu wa Kiswahili kwa sababu ya majina yake. Mwanafunzi anayeanza kujifunza lugha hufurahi kugundua kwamba simba anaitwa Simba na nyani mzee ni Rafiki. Katika toleo hili tungependa kuitazama kwa jicho jingine. Filamu hii ya watoto na wazazi wao imebeba kiu ya wokovu ambayo Mkristo huitambua upesi. Swali letu ni kama wokovu unaooneshwa humo unawafikia wote wenye kiu hiyo. Kwa maoni yetu, jibu limo katika majina yaleyale tunayoyafundisha.

Kisa chenyewe kinajulikana. Mfalme Mufasa anamtoa mwanawe mbele ya kundi la nyumbu waliotimuliwa makusudi, kisha anauawa na ndugu yake mwenyewe, Scar. Scar anamwambia mtoto kuwa kosa ni lake, na kwamba akimbie asirudi tena. Simba anakulia mbali pamoja na Timon na ngiri Pumbaa, huku nchi ya baba yake ikikauka mikononi mwa mnyang'anyi.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo waumini wengi huyatumia kana kwamba ni moja: wokovu na ukombozi. Kuokoa ni kumtoa mtu hatarini. Kukomboa kuna bei ndani yake, kama afanyavyo mtu anayekwenda kukomboa shamba lililowekwa rehani. Katika filamu hii Mufasa ndiye anayelipa bei, tena kwa uhai wake, nayo nchi inakuja kuokolewa baadaye na mwanawe. Kwa hiyo hatukubaliani na wale wanaomfanya Simba peke yake kuwa mfano wa Kristo. Kwa sehemu kubwa ya filamu, Simba ndiye anayehitaji kuokolewa. Anamkaribia zaidi yule mwana mpotevu wa Luka 15, ila ipo tofauti nzito. Mwana mpotevu alikosa kweli. Simba anabeba hatia ya jambo ambalo hakulitenda, na hatia hiyo ya uongo ndiyo inayomzuia asione kosa lake halisi, yaani kuwaacha mama yake na wenzake katika njaa.

Hapa ndipo inapoingia hakuna matata. Msemo huu haukuzaliwa na filamu. Bendi ya Them Mushrooms ya Kenya iliuimba katika wimbo wa Jambo Bwana mwaka 1982, na kule Tanzania mtu husikia zaidi hakuna shida au hamna shida. (Kwamba kampuni ya Disney iliusajili Marekani kama alama yake ya biashara ni habari ya makala nyingine.) Watazamaji wengi huondoka wakiimba maneno hayo wakidhani ndiyo ujumbe wa filamu, kumbe filamu yenyewe inayakataa. Tata ni jambo lililosokotana kama uzi, na ndiyo maana tuna utata, na tuna kutatua. Anayesema hakuna matata anasema hakuna cha kutatua, na pasipo cha kutatua mwokozi wa nini? Nala anapofika na habari za njaa, raha ile inageuka kuwa aibu. Nabii Yeremia aliwalaumu watu waliotangaza amani wakati amani haikuwapo, na tunadhani angewatambua Timon na Pumbaa, ingawa wao ni wakarimu na hawana nia mbaya.

Wapo Wakristo wanaoikataa filamu hii kwa sababu Mufasa anamtokea mwanawe mawinguni, wakisema hiyo ni mizimu. Hatuoni kuwa hilo ndilo gumu zaidi. Sauti ile inamwita mtoto akumbuke yeye ni nani, jambo ambalo mahubiri mengi ya toba hufanya pia.

Kwetu sisi tumaini la Kikristo linaonekana zaidi kwa Sarabi, mama yake Simba. Kamusi zetu zinasema sarabi ni mazigazi, yale maji ya uongo ayaonayo msafiri kwenye jua kali. Mwenye jina hilo ndiye anayebaki katika nchi kavu, anaongoza mawindo yasiyopatikana, na anamwambia Scar ukweli mbele ya wote mpaka anapigwa. Wakati huohuo umeme unamulika na Simba anatokea juu ya mwamba. Sarabi anamwita kwa jina la Mufasa. Amemwona baba ndani ya mwana. Msomaji wa Yohana 14 hawezi kupita hapo bila kusimama, wala msomaji wa habari za wanawake kaburini, maana mama huyu anashangaa jinsi aliyedhaniwa amekufa alivyo hai. Kisha mvua inanyesha juu ya moto na mifupa, na ile nchi iliyokuwa ikiugua, kama viumbe wa Warumi 8, inarudia ukijani wake.

Lakini je, fisi? Wao wanakaa kwenye makaburi ya tembo, nje ya mpaka, katika kivuli ambacho Mufasa anamkataza mwanawe kukikanyaga. Wana njaa tangu mwanzo wa hadithi, na hakuna anayeuliza kwa nini. Scar peke yake ndiye anayewaahidi chakula, nao wanamwamini kama mwokozi wao, naye anawasaliti. Kiongozi wao anaitwa Shenzi. Mwanafunzi wa Marekani huliona jina hilo kama sauti ya kuchekesha tu. Sisi wa bara tunalijua. Katika karne ya 19 waungwana wa pwani waliwaita hivyo watu wa huku ndani, na baadaye walowezi wa kizungu wakalichukua neno hilo na kuwatukana nalo watumishi wao. Babu zetu walikuwa washenzi katika vinywa vya wengine.

Tunakubali kwamba Simba anakataa kumuua Scar na kumpa nafasi ya kuondoka. Ni rehema, na inashangaza katika filamu ya mapigano. Lakini rehema hiyo inaishia ndani ya ukoo. Fisi hawapewi neno lolote. Kanisa la kwanza lilikutana na tatizo hilohilo nyumbani kwa Kornelio, katika Matendo 10, na halikuruhusiwa kulikwepa. Isitoshe, filamu inamalizikia palepale ilipoanzia, mtoto mwingine akiinuliwa juu ya jabali. Duara la namna hiyo huleta Simba mwingine, na laweza kuleta Scar mwingine, ilhali Mkristo anangojea kitu kipya.

Mwalimu atakayeitumia filamu hii darasani asiishie kwenye tafsiri ya Simba na Rafiki. Asimamishe picha pale Shenzi anapotokea mara ya kwanza, awape wanafunzi kamusi, na awaulize ni nani aliyempa jina hilo. Kisha awaonyeshe mkusanyiko wa mwisho chini ya jabali, wanyama wa kila aina wakishangilia, na wawatafute fisi. Sisi tuliwatafuta, hawamo.