Uwanja Unakuhusu Nini?

Nimekisoma kwa mara ya pili kitabu cha marehemu Profesa Wangari Maathai, Unbowed, kilichotoka mwaka 2006, miaka miwili baada ya kupata Tuzo ya Amani ya Nobel. Mara ya kwanza nilikisoma kwa kumstaajabia. Safari hii nimeshika kalamu nyekundu, mazoea ya ualimu ambayo hayaishi hata mtu akistaafu.

Niliyorudia hasa ni masimulizi ya Bustani ya Uhuru, Nairobi. Mwaka 1989 Kenya Times Media Trust, ubia wa chama cha KANU na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell, ulikusudia kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani hiyo ya umma, pamoja na sanamu ya Rais Moi. Mama huyu akapewa habari na mwanafunzi wa sheria, akaanza kuandika barua. Bungeni wakamtukana, Green Belt Movement ikafukuzwa kwenye ofisi za Serikali, na Mahakama Kuu ikaitupa kesi yake. Lakini wakopeshaji wa nje waliingiwa na shaka, mradi ukafa, na Februari 1992 uzio ukang'olewa.

Sasa nikosoe. Katika kumwandikia Balozi wa Uingereza alimuuliza kama wao wangevumilia jengo kama hilo katika Hyde Park, London. Hoja hiyo ilikuwa ya werevu, kwa kuwa fedha zilitarajiwa kutoka ng'ambo. Hata hivyo inanichoma kidogo. Mchukuzi aliyejilaza pale mchana, hana nauli ya kurudi nyumbani kula, haihitaji London imthibitishie thamani ya kivuli. Yeye namtafuta kitabuni. Mawaziri nawasikia zaidi.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuipita kesi upesi mno, kana kwamba ilikuwa dharau moja zaidi kati ya nyingi. Hebu msomaji itazame hoja ya mahakama: mama huyu hakuwa na haki ya kushtaki kwa sababu asingeumia kuliko mkazi mwingine yeyote. Maana yake, kitu kikiwa cha wote, hakuna awezaye kukitetea! Humo ndimo miradi ya ubia inamopitia. Hapa kwetu Jaji Kahwa Lugakingira aliijibu hoja ya namna hiyo mwaka 1994, Mahakama Kuu, Dodoma, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, akitegemea Ibara ya 26(2) ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua kuilinda Katiba na sheria za nchi. Lakini swali lile lilirudi: mwaka 2020 Bunge liliweka sharti kwamba anayedai haki za msingi mahakamani aeleze kwanza jinsi alivyoathirika yeye binafsi.

Mimi swali hilo niliulizwa nimesimama, mkutanoni, huku Ilongero. Palitakiwa kujengwa fremu za maduka kwa ubia kwenye uwanja wa mpira wa watoto. Kijana mmoja, kwa adabu kabisa, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Umeshastaafu, wajukuu zako wako Singida mjini. Uwanja huu unakuhusu nini?"

Nikajibu kwamba ile miarobaini ya pembeni niliipanda mimi.

Watu walipiga makofi, nami nikaketi nimeridhika. Usiku ndipo nilipoona kwamba nilijibu vibaya. Kumbe nilikubali kwamba lazima mtu awe na chake pale ndipo aseme. Na mama ambaye hakupanda hata mche, ambaye hukatiza uwanja huo tu akienda kisimani, atasema nini? Alikuwapo mkutanoni, amekaa chini na ndoo yake. Hakunyosha mkono.

Mkutano uliahirishwa. Mambo za wapimaji zingali ardhini, moja iko karibu na goli la mashariki, na watoto wanaifanya alama ya kona.