Wazee Bila Wajukuu: Juu ya Filme "Some Kind of Heaven"

Filme hii ya Lance Oppenheim (2020) inatupeleka The Villages, mji wa wazee wenye uwezo kule Florida, Marekani. Wakaaji wanapita 100,000. Wanacheza golfu, wanaogelea, wanacheza dansi, na vigari vya golfu wanaviendesha mpaka dukani. Mtoto wa chini ya miaka 19 haruhusiwi kuishi pale. Anaweza kutembea tu, siku 30 kwa mwaka.

Tunamsifu Oppenheim kwa jambo moja: anawafuata wale ambao paradiso hiyo haikuwatosha. Mjane mmoja amemaliza akiba, anarudi kazini kila siku. Mzee wa miaka 81 analala ndani ya gari yake, anatafuta mwanamke mwenye pesa. Ni kusema mali haifukuzi upweke.

Lakini picha zake ni nzuri kupita kiasi; mara nyingi tunacheka wazee pahali pa kuwasikiliza. Na swali kubwa halikuulizwa: mzee anayeishi na wazee wenzake tu, hekima yake anamwachia nani? Kwetu, mzee asiye na mjukuu wa kumtuma maji ni nusu ya mzee.

Hata hivyo tusijisifu. Huku kwetu, mtoto akigonjwa, bibi kizee anaitwa mulozi, wakati mwingine na watoto wake mwenyewe, na anafukuzwa katika parseli. Kule wazee wanajitenga kwa pesa. Huku tunawatenga kwa woga. Mila tunayoitetea katika vitabu, tuianzie nyumbani.