Kiswahili yetu ndani ya mashine: tusome vizuri ile faili

Wandugu, leo sileti siasa wala mambo ya kutafuta kazi. Naleta faili moja ndogo ya maandishi, mistari mia na kitu, ambayo mashine yenye Linux inakuwa nayo kwa kila lugha na kila nchi iliyoandikishwa. Njo inaiambia mashine tarehe inaandikwa namna gani, maelfu yanatengwa na nini, pesa ya nchi inaitwaje, wiki inaanza siku gani, na mutu akikubali jambo anapiga herufi gani. Watu wa informatiki wanaiita lokale. Nataka tuisome kama tunavyosoma kitabu, kwa kukosoa, juu Kiswahili cha Kongo kimeingizwa mu mashine na watu wachache sana na sisi wenyewe hatukukaa chini kusoma walichoandika.

Fungua folda /usr/share/i18n/locales. Utaona majina mengi, kila jina lina sehemu mbili: lugha kwanza, nchi nyuma. fr_FR ni Kifaransa cha Ufaransa, fr_BE cha Ubelgiji. Kiswahili kiko mara mbili, sw_KE na sw_TZ. Kongo iko mara moja, ln_CD, ni Lingala. (Hiyo CD ilikuwa ZR mpaka 1997, mafaili nayo yana historia.) Mu mashine yangu sw_CD haimo. Siwaonei wivu watu wa Lingala, mutu wao aliamka akaandika, basi. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini katiba haikompiliwi.

Kukompili hapa si jambo la kutisha. Unaandika faili, unaipitisha kwa programu inayoitwa localedef, mstari mmoja tu: localedef -i sw_CD -f UTF-8 sw_CD.UTF-8. Inachukua maneno yako na jedwali la herufi, inatoa kitu kilichokazwa ambacho programu zingine zinafungua haraka. Ukikosea umbo inakugombeza: ukiacha siku moja nje ya saba, ukisahau kufunga alama ya nukuu. Ukikosea ukweli, inanyamaza. Ukiandika kama wiki ya Goma inaanza Alhamisi, itakompili bila tatizo. Kwa hiyo kazi ya kukagua ukweli inabaki kwa msomaji.

Wengi wetu wanaotaka mashine iseme Kiswahili wanachagua sw_TZ na wanaendelea. Nimewasikia wakisema: Kiswahili ni Kiswahili. Kwa maneno ya menyu, sawa, nakubali kabisa. Lakini lokale haibebi menyu, inabeba desturi. Chukua siku. Ndani ya sw_TZ Jumatatu inafupishwa J3. Mutu wa Dar es Salaam anasoma J3 na anajua ni siku ya kurudi kazini mwanzo wa wiki. Mupe mama wa Bukavu hiyo J3, atakuambia ni siku ya tatu, na kwetu siku ya tatu ni mercredi. Neno "tatu" ni lile lile, siku ni mbili mbali. Weka hiyo kwenye tangazo la mutihani au rendez-vous ya hospitali, uone nani anakuja.

Sababu yake ni ya zamani. Huko pwani hesabu inaanza nyuma ya Ijumaa, siku ya sala: Jumamosi ni ya kwanza, mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Kwetu upande wa mashariki wengi wanaanza nyuma ya siku ya yenga, njo siku ya kanisa: siku ya kwanza ni lundi. Na mashine yenyewe ina hesabu yake ya tatu: orodha ya siku ndani ya faili kwa kawaida inaanzia dimanche, hata kama wiki ya watu inaanzia pengine. Mwandishi wa sw_CD anapaswa kuandika "siku ya kwanza" kwenye nafasi ya pili ya orodha, bila kuteleza. Halafu kuna mstari mwingine unaosema wiki ya kalenda inaanza siku gani. Hapo mimi ningeweka 2, njo kusema lundi, juu ndivyo masomo na kazi zinavyoenda hapa.

Pesa vilevile. Mu sw_TZ maelfu yanatengwa na koma, desimali na nukta. Sisi tumefundishwa hesabu ya Kifaransa, koma ni ya desimali. "2,500" ni elfu mbili na mia tano kwa jirani. Kwetu ni mbili na nusu. Hapo sihitaji kueleza zaidi kwa mutu aliyewahi kufunga hesabu za depo jioni.

Sasa nije kwa waliojaribu kuandika yetu, maana walikuwepo, na hapa njo nataka kukaa. CLDR ni hazina ya Unicode ambamo simu za Android, mashine za Apple na programu nyingi zinachota majina ya miezi na siku. Kiswahili cha Kongo kiliingia humo kwa miaka chini ya alama yake chenyewe, swc, mbele ya kugeuzwa kuwa sw-CD. Someni matoleo ya zamani. Januari ni "mwezi ya kwanja". Aprili ni "mwezi ya ine", Mei "mwezi ya tanu", Agosti "mwezi ya munane". Novemba ni "mwezi ya kumi na moya", na Desemba, shikeni viti, "mwezi ya kumi ya mbili". Dimanche ni "siku ya yenga", lundi "siku ya kwanza".

Mara ya kwanza unacheka, juu unasikia sauti ya mutu unayemjua. Kisha unaanza kuuliza. Mbona mwezi ni "kwanja" na siku ni "kwanza", mu faili moja, neno moja? Mbona kumi "na" moya, halafu mstari unaofuata kumi "ya" mbili? Huyu hakuandika lugha, aliandika masikio yake, na siku ile masikio yalisikia mara mbili tofauti. Sisemi ni mutu mubaya. Alifanya kazi ambayo chuo chochote chetu chenye idara ya informatiki na idara ya lugha za Afrika kingeweza kuifanya mu juma moja, na hakuna aliyefanya. Lakini kuandika matamshi si kuheshimu lugha. Mufaransa wa Marseille hasemi kama wa Lille, na hakuna aliyewaandikia miezi kwa matamshi ya mutaani. Sisi njo tunaandikiwa hivyo, kama vile Kiswahili chetu ni kelele ya soko ya kunaswa na kinasa sauti.

Kuna wengine watasema kinyume: basi tufute yote, tuweke Januari na Jumatatu, njo Kiswahili safi. Hapana. Hapo tunarudi kwa J3. Mimi natenganisha vitu viwili: neno na maandishi yake. Neno liwe letu, maandishi yawe yale mutoto anayokuta mu kitabu. "Mwezi wa nne", si "mwezi ya ine". "Siku ya tano", si "tanu". Mutu wa Kisangani atasoma "nne" na kutamka "ine" kwa raha yake, kama anavyofanya kila siku akisoma Biblia. Lakini asisome Jumatano wakati anaisema siku ya tatu. Najua huko Kalemie, ambako Tanzania iko ng'ambo ya ziwa, Jumatatu haishangazi mutu. Najua pia Lubumbashi wengi wanasema lundi, na ukimuuliza muzee wa kambi za migodi atakuambia samedi ni siku ya posho, juu njo siku walikuwa wanagawa chakula. Faili ina nafasi ya jina moja kwa kila siku. Inatulazimisha kuchagua, na kuchagua kunauma.

Kosa kubwa la zile data za swc hata hivyo si tahajia. Ni saa. Kwa kugawa siku mara mbili, zile AM na PM za Waingereza, waliandika "ya asubuyi" na "ya muchana". Fikirini. Saa 20, wakati watu wamekwisha kula, mashine inaandika 8:00 ya muchana. Na usiku wa manane, saa mbili ya Wazungu, inaandika 2:00 ya asubuyi. Musomaji wa Kiswahili akiona saa mbili ya asubuyi anaelewa wakati watoto wameshaingia darasani, njo kusema tofauti ya masaa sita. Ni sentensi sahihi ya Kiswahili inayosema uongo, na ile ya namna hiyo ni mbaya kuliko ile iliyovunjika, juu hakuna anayeishuku. Lokale haina mahali pa kuambia mashine kama saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua likichomoka. Kwa hiyo dawa ni moja: acha ile nafasi tupu, kama fr_FR inavyofanya, tumia masaa 24, andika 20:00. Kila mutu atabadilisha mwenyewe kichwani, kama tunavyofanya tangu shule.

Halafu iko herufi n. Hii wengi hawaifikirii. Ndani ya faili kuna sehemu inayosema jibu la kukubali linaanza na nini na la kukataa linaanza na nini. Ukipiga rm -i, ile amri ya kufuta inayouliza kwanza, inasoma hapo. Ndiyo inaanza na n. Lakini vidole vyetu vimezoea Kifaransa, o na n, ambapo n ni kukataa. Mashine inauliza kama ifute memwari yako ya licence, unapiga n ili kuiokoa, inasoma ndiyo. Kwisha. Nimeona watu wanatetea kama lugha ni lugha, n iwe ndiyo, watu wajifunze. Kwa hiyo moja nasema hapana, tena kwa sauti. Lokale yetu ikubali neno nzima "ndiyo" na ikatae n peke yake. Mstari ule unaandikwa kwa mchoro wa herufi, unaweza kudai herufi mbili, "nd". Kwa kukataa, h ya hapana, na a ya apana kwa wale wanaoandika hivyo. Urembo haupo, lakini faili za watu zinabaki.

Mengine yanaenda haraka. Kupanga maneno kwa alfabeti na aina za herufi, unaazima kwa "copy" na hakuna anayepungukiwa. Karatasi ni A4. Simu ni 243. Pesa ni CDF, alama FC. Kwa sentimi faili inaruhusu namba mbili tofauti, moja ya matumizi ya kimataifa na moja ya nyumbani. Ya kimataifa ningeacha 2, ya nyumbani 0, juu kizazi chetu hakijashika sentimi mukononi. Kama unalipa kodi ya nyumba kwa dola, hiyo faili haikuulizi. Na saa ya Lubumbashi dhidi ya saa ya Kinshasa haimo humu, ni mpangilio mwingine, Africa/Lubumbashi, hata kama nchi ni moja. Uangalie wakati wa kuweka mfumo usipewe saa ya Kinshasa.

Kila mwaka mu vitivo vyetu memwari zinatetewa kwa makumi juu ya "mfumo wa kusimamia stoki ya famasi". Nimesoma nyingi. Stoki ile ile, famasi tofauti. Hakuna jury niliyoisikia ikiuliza kama tarehe mu ile programu inaeleweka na mama anayeuza dawa. Faili ninayosema ina majina kumi na tisa ya kweli, saba za siku na kumi na mbili za miezi, pamoja na maamuzi machache. Waliotunza glibc wanapokea faili mpya kupitia Bugzilla ya Sourceware, na CLDR ina chombo chake cha kukusanya kura za wasemaji. Kura. Yaani zile "mwezi ya kwanja" zingeweza kujadiliwa na watu wa Bunia na wa Kindu wakibishana mpaka usiku.

Mimi yangu inakompili. Siku ziko "siku ya kwanza" mpaka "siku ya sita", na "siku ya yenga". Kwa vifupisho nimechukua kw, pi, ta, nn, tn, si, ye. "Tatu" na "tano" zilinisumbua siku mbili, maana zote zinaanza na ta, na kwenye kalenda ya simu hakuna nafasi ya herufi nne. Mwenye wazo bora kuliko tn aliandike hapa chini.