Mguu Ukanyage Wapi Katika Jangwa la Namib

Matembezi ya siku moja katika jangwa la Namib, nchini Namibia, hupangwa kwa hesabu ya maji, kofia na umbali. Hesabu hizo hazikwepeki. Lakini kwenye nyanda za changarawe mashariki ya mji wa Swakopmund, inakoota welwitschia, kinachoonyesha kama kazi imefanywa kwa ustadi ni mahali unapokanyaga mguu. Marafiki sita wakitembea bega kwa bega, kama marafiki wapendavyo, huacha njia sita. Wakifuatana mmoja nyuma ya mwenzake, huacha moja.

Tuanze na mmea wenyewe. Welwitschia, ambao Friedrich Welwitsch aliukuta kusini mwa Angola mwaka 1859, huishi na majani mawili tu maisha yake yote, na maisha hayo yaweza kupita miaka 1,000. Majani hayarefuki kwa ncha. Hukua kutoka kwenye shina, huku ncha zikikauka na kuchanwachanwa na upepo, ndiyo maana mgeni hudhani ameona takataka. Gogo lake fupi, pana, lililobonyea katikati, linashawishi kukaliwa, ilhali ukingo wake ndipo jani linapozaliwa kila siku. Ukiharibika, hakuna jani la tatu la kuziba pengo. Baadhi ya mizizi nayo hutambaa karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo hata kuuzunguka mmea kwa karibu ili kupiga picha ni kuigandamiza. Kisha kuna likeni, kuvu na mwani walioungana kuwa kiumbe kimoja, waliogandamana na vijiwe. Karibu na pwani mvua ya mwaka mara nyingi haifiki milimita 20, hivyo likeni hutegemea ukungu unaoletwa na bahari iliyopozwa na mkondo wa Benguela. Alfajiri hulowa, hujitengenezea chakula kwa saa chache, kisha jua huwakausha. Kiumbe cha ratiba hiyo hukua polepole mno, na alama za magurudumu ya miongo iliyopita bado zinaonekana.

Wapo watakaosema kutawanyika ni bora, kwa kuwa uzito hugawanyika. Hoja hiyo ina nguvu kwenye nyasi, ambazo hulala na kuinuka tena. Likeni mkavu huvunjika kwa hatua ya kwanza, basi kutawanyika ni kutawanya hasara. Wengine watauliza: mbona choroa nao hukanyaga? Choroa hufuata mvua na malisho, leo huku, kesho kule. Mtalii hufuata ramani, na makundi yote huishia kwenye mmea uleule. Welwitschia mkubwa maarufu wa huko umelazimika kuzungushiwa uzio.

Kwamba mstari mmoja unaua mazungumzo ni kweli, ila dawa ipo: mito mikavu yenye mchanga, ambako mafuriko yajayo yatafuta nyayo zote. Huko watembee wanavyotaka, mradi waangalie, maana welwitschia nao hupenda vijito vikavu.

Anayepanga siku hiyo achukue kibali mapema, aliache gari barabarani, na kiongozi wa mstari achaguliwe kabla mtu yeyote hajashuka.