Ufundi wa Mashua Ndogo za Tanga

Ziwa Pepin ni mahali ambapo mto Mississippi umetanuka na kuwa ziwa, kati ya majimbo ya Minnesota na Wisconsin nchini Marekani. Mto Chippewa unaojiunga nao hapo huleta mchanga mwingi kuliko Mississippi inavyoweza kuuchukua. Mchanga huo umeibana njia ya maji, na yaliyo nyuma yake yametanda kwa urefu wa kilomita 35 hivi. Ufuoni, karibu na mji mdogo wa Lake City, hukutana watu wenye mashua ndogo za tanga, nyingi zikiwa zimeundwa na wenyewe katika gereji na nyua za nyumba zao. Makutano ya namna hii yapo katika maziwa mengi ya Marekani. Kwa kawaida hayana kikombe wala mshindi: watu huja kuonyesha kazi ya mikono yao, kuchungulia ya wenzao, na kusafiri pamoja maadamu upepo upo.

Chombo kidogo, kwa kipimo cha watu hawa, ni kile ambacho mtu mmoja au wawili wanaweza kukivuta kwa trela nyuma ya gari la kawaida, wakakishusha majini bila mashine na kusimamisha mlingoti kwa mikono yao. Urefu wake huanzia mita mbili na ushei, na ni nadra kuzidi sita. Udogo huo ndio unaoifanya sanaa hii iwafikie wengi, maana seremala wa kujifunza akipewa msumeno, randa na subira anaweza kuimaliza kazi yote mwenyewe.

Mambo hayakuwa hivyo tangu zamani. Mashua ya mbao iliyoundwa kwa njia ya kale hudai mkuku, mataruma yaliyochongwa kwa kufuata mkunjo wa chombo, na mbao zilizopindwa ubao mmoja mmoja, kazi inayohitaji fundi aliyekaa miaka mingi chini ya fundi mwingine. Plaiwudi isiyoharibiwa na maji ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 1947, katika mji wa Clearwater, Florida, Clark Mills alibuni Optimist, kimashua cha watoto chenye urefu wa mita 2.3 na omo butu, ambacho leo hutumika kufundishia watoto usafiri wa tanga duniani kote. Mwaka 1962 huko Uingereza, mbunifu wa mashua Jack Holt na Barry Bucknell, mtangazaji wa televisheni aliyewafundisha watu kazi za mikono za nyumbani, walitoa Mirror, iliyopewa jina la gazeti la Daily Mirror lililoifadhili. Zimeundwa Mirror zaidi ya 70,000, na tanga zake nyekundu zilizoeleka kila palipokuwa na maji.

Mirror iliundwa kwa mbinu ya kushona, na inafaa kuitazama kwa karibu. Mapande ya plaiwudi hukatwa bapa sakafuni, kila moja kwa umbo lake. Kandokando ya kila pande hutobolewa matundu madogo, kisha mapande mawili hukutanishwa ukingo kwa ukingo na kufungwa kwa vipande vya waya wa shaba vinavyosokotwa kwa koleo. Kila waya unapokazwa, mbao bapa huanza kujikunja zenyewe, na pale sakafuni palipokuwa na vipande visivyo na maana panainuka kiwiliwili cha chombo chenye tumbo, mbavu na omo. Hakuna taruma lililowekwa. Umbo lote lilikuwa limefichwa katika mkato. Baada ya hapo pembe za ndani hujazwa gundi nzito iliyochanganywa na unga wa mbao, ikalainishwa kwa kijiti cha mviringo, kisha ukanda wa faibaglasi hulazwa juu yake. Gundi ikishakauka, nyaya hukatwa au kung'olewa.

Msomaji wa pwani atakumbuka mtepe, jahazi la visiwa vya Lamu ambalo mbao zake zilishonwa kwa kamba za kumbi la nazi bila msumari wa chuma, hadi lilipotoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Katika mtepe, kamba ndizo zilizobeba kazi maisha yote ya chombo, ilhali waya wa Mirror hushika tu mpaka gundi ikomae. Hata hivyo akili ni ileile: ubao unaoshonwa hukubali kufuata mkono wa mwundaji.

Kwa upande wa Marekani, aliyewafungulia watu wa kawaida njia kuliko wote ni Philip Bolger wa Gloucester, Massachusetts, aliyebuni vyombo zaidi ya 600. Vingine ni vya fahari, lakini vilivyopendwa na waundaji wa nyumbani vina ubavu ulionyooka na chini bapa, na kuna waliovikejeli kuwa ni masanduku. Kejeli hiyo haikuwa ya haki. Sanduku lililopindwa vizuri huelea juu juu, hupita penye maji haba na hupanda ufuoni bila kuumia, na mwenye nalo huwa tayari yuko ziwani wakati anayengoja chombo cha ndoto yake bado anahesabu fedha. Mwaka 2003 David Routh wa Texas aliusukuma mtazamo huo hadi ukomo wake alipobuni Puddle Duck: futi nane kwa nne, yaani vipimo vilevile vya karatasi moja ya plaiwudi. Umbo la chini la Puddle Duck zote ni lazima liwe moja. Tanga, usukani na yaliyo juu ni hiari ya mwundaji.

Tanga nalo hushonwa nyumbani, mara nyingi kwa turubai la plastiki la kufunikia mizigo. Siri yake haiko katika kitambaa. Kingo za tanga hazikatwi kwa mstari ulionyooka, bali huachwa zitokeze kwa upinde mdogo. Zikifungwa kwenye mlingoti ulionyooka, kile kitambaa cha ziada husukumwa ndani na kuwa tumbo la tanga. Tanga lisilo na tumbo haliwezi kubisha vizuri, yaani kukikabili upepo, na lenye tumbo kupita kiasi hulaza chombo upepo ukikaza. Baadhi ya vyombo hivi, kama Sunfish ya mwaka 1952, hutumia tanga la pembetatu linaloning'inia kwenye foromali, jamaa wa karibu wa tanga la ngalawa, ila lina boriti ya pili chini.

Majini, mkono mmoja hushika kana ya usukani na wa pili demani, kamba ya kukaza na kulegeza tanga, na mwili wa msafiri ndio shehena inayosawazisha chombo. Kwenye mashindano ya mashua ya Lamu mabaharia hukalia ubao unaotokeza nje upande wa goshini, unakotoka upepo. Katika kimashua cha ziwani, kusogea nusu mita ukingoni hufanya kazi hiyohiyo. Pepin imezingirwa na vilima virefu, hivyo upepo wake huja kwa mapigo na kubadili upande ghafla. Msafiri mzoefu huliona pigo kabla halijafika, kwa weusi wa viwimbi unaokimbia juu ya maji, akalegeza demani mapema. Asiyeliona hupinduka. Kukiinua chombo nako kuna ufundi wake: aliyepinduka huzunguka hadi upande wa chini ya chombo, husimama juu ya ubao uliotokeza katikati, hushika ukingo na kujivuta nyuma mpaka mlingoti uinuke. Jaketi la kuokolea halivuliwi, kwa sababu maji yakiwa baridi yanaweza kuua.

Thamani kubwa ya makutano haya ni desturi ya kuazimana. Mwenye chombo humwachia mgeni usukani, na kwa nusu saa mgeni hujua uzito wa kana na tabia ya chombo akibisha, mambo ambayo mchoro hausemi. Aliyebandika gundi vibaya huonyeshwa ufa ulipoanzia. Aliyetengeneza mlingoti mzito huambiwa auchonge upya kwa mbao nyepesi, na mara nyingine mshauri hushika randa mwenyewe.

Anayetaka kuingia katika kazi hii aanze na chombo kidogo chenye chini bapa, karatasi tatu au nne za plaiwudi na gundi. Kabla ya kukata ubao wa kwanza aombe kusafiri katika cha mwingine, na mwenye nacho hatamkatalia.